Umeme Usio na Cheti

Mwezi ule mama alipewa barua mbili kwa mpigo. Ya kwanza ilimshukuru kwa miaka yote aliyokesha katika wodi ya wazazi. Ya pili, iliyopigwa mhuri uleule, ilimtaka arudishe ufunguo wa kota ya hospitali kabla ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa mkunga mpya alikuwa njiani. Mama alizisoma zote mbili akiwa amesimama, akazikunja pamoja, akasema, "Wamenishukuru mpaka mlangoni."

Asili yetu ni Mbeya. Mama alihamishiwa Sumbawanga nikiwa bado nabebwa mgongoni, na baba alipofariki miaka michache baadaye, ndugu walitegemea kwamba tutarudi. Hatukurudi. Mama alikuwa ameshazoea upepo wa Ufipa, ule unaovuma juu ya nchi iliyo wazi kama kiganja, ukilaza nyasi zote upande mmoja kana kwamba kuna mtu anazichana. Tena alikuwa amewapokea duniani watoto wengi mno wa mji huu. Hakuweza kununua nyanya sokoni Mazwi bila kuamkiwa na mtu mzima ambaye mama aliwahi kumning'iniza kichwa chini ili alie.

Kama tungekosa nyumba, angelazimika kwenda kukaa chumba cha uani kwa kaka yake kule Mbeya. Mama na wifi yake hawajawahi kukubaliana hata juu ya kiasi cha chumvi. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kufundisha shule ya msingi, na mshahara wangu ulitosha kupanga chumba cha mtu mmoja, tena awe mwembamba. Tulikuwa na wiki nne.

Nyumba tuliipata siku ya tano, mtaa wa Chanji. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, bati zuri, stoo na jiko nyuma. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kifipa aliyestaafu usimamizi wa barabara, mpole, mwenye koti la baridi ambalo sikuwahi kumwona amelivua. Alitaka kurudi kijijini kwake akalime ulezi na kusali kanisa alilobatiziwa. Alituzungusha kila chumba, akatuonyesha madirisha, akatuonyesha choo, na mwisho kabisa, kama mtu anayefunua bakuli la nyama baada ya wageni kushiba maharage, akanyoosha kidole juu ya dari.

"Na umeme upo," alisema.

Mama alitazama ile globu kwa muda mrefu. Nguzo za umeme zilipita mbele ya kota yetu kwenda nyumbani kwa daktari, na miaka yote hiyo sisi tulikuwa tunafaidi kivuli chake tu.

"Mwanangu," aliniambia tukirudi, "nataka nizeeke nikiona ninachokula."

Basi wakapatana. Wakapeana mikono mbele ya balozi wa nyumba kumi, ambaye alikuwa fundi baiskeli na alipeana mikono nao pia, mikono yake ikiwa na grisi, kwa hiyo mapatano yale yaliacha alama kwa kila mtu. Kilichobaki, tulidhani, ni karatasi.

Mzee alikuwa na mkebe wa karatasi. Aliutoa mvunguni, akaufuta vumbi kwa kiwiko, akatupangia mezani maisha yake yote: cheti cha ubatizo, kadi ya chama, leseni ya baiskeli, leseni ya redio, risiti ya baiskeli ambayo leseni yake tumeshaiona, barua ya kumsifu kwa daraja alilolijenga, barua ya kumwonya kwa daraja hilohilo. Kulikuwa na hati ya kiwanja, safi, haina hata kovu. Mama alikuwa mtu wa mafomu. Aliitazama hati ile kama anavyotazama mtoto wa kilo nne.

Tukaenda kwa afisa ardhi. Naye alikuwa mtu mwema, akasema atahamisha jina hata kesho, ila kitabu chake kinaonyesha nyumba ile ina umeme, na nyumba yenye umeme haihamishwi mpaka ofisi ya umeme iandike kwamba haina pingamizi.

"Hilo ni dogo," mzee alisema, lakini aliangalia dirishani aliposema.

Ofisi ya umeme ilikuwa karibu na mtambo wenyewe, ile mashine kubwa ya dizeli iliyokuwa ikiwashwa jioni na kuzimwa kabla watu wa mji hawajamaliza mazungumzo. Afisa alikuwa kijana mwenye miwani, sweta la kufuma, na kalamu tatu mfukoni za rangi tatu. Mama alimtambua kabla hajakaa.

"Wewe mkeo alijifungua kwangu. Mtoto wa kiume, alikuja kwa miguu."

"Shikamoo mama. Ndiyo, ni mimi. Sasa anatembea."

"Marahaba. Alianza safari mapema. Basi nisaidie, mwanangu."

Nilimkabidhi barua ya maombi niliyoiandika mimi mwenyewe, kurasa mbili, yenye aya nzima juu ya nuru na uzee. Aliisoma yote kwa heshima, kisha akachukua kalamu nyekundu akapigia mstari kitu kimoja tu: namba ya kiwanja. Akaenda kwenye kabati, akarudi na jalada jembamba, akalifungua.

"Hapa pana fomu ya maombi," alisema. "Pana kibali cha mita. Hapana cheti cha fundi."

"Cheti gani?" mama aliuliza.

"Fundi mwenye leseni akimaliza kutandaza waya, anajaza cheti kwamba kazi kaifanya yeye na ni salama. Tunakuja, tunapima, tunaunga. Hapa waya zipo, mita ipo, umeme unakwenda, lakini fundi hayupo. Ni kama umeme umeingia wenyewe."

"Ukaungwaje bila cheti?"

Alitugeuzia jalada. Kulikuwa na maandishi ya afisa aliyemtangulia, yaliyofifia: *Iungwe kwa muda, kwa ajili ya sherehe. Cheti kitaletwa Jumatatu.*

"Jumatatu ipi?" mama aliuliza.

"Hilo," alisema kijana, "na mimi nataka kumuuliza mzee."

Mzee alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia magotini. Alisema cheti kilikuwepo, kikaliwa na mchwa. Mama akamwambia mkebe wake ni wa bati. Akasema kweli, mkebe ni wa bati, lakini cheti alikiweka nje ya mkebe, kwa kuwa kilikuwa muhimu zaidi.

"Mwanangu," mama alimgeukia afisa, sauti ikishuka ikawa ile ya wodini, "mimi nina wiki tatu. Umeme huo umekaa mle ndani miaka bila kumdhuru mtu. Wewe huwezi kuandika tu?"

Kijana alivua miwani. Nadhani ilimuuma kwa kweli.

"Mama, mtoto wangu alipozaliwa nilikuomba uandike kwamba amezaliwa Jumapili, bibi yake afurahi. Ulikataa. Ulisema amezaliwa Jumatatu saa moja na robo asubuhi na ndivyo itakavyoandikwa."

Mama alisimama. Tulitoka.

Nje, mzee aliona aibu, na kwa aibu ile akatupa ushauri: twende kwa balozi. Nawaomba wasomaji wasicheke. Miaka ile mtu hakusafiri, hakuoa, hakuomba kazi wala kumwandikisha mtoto shule bila barua ya balozi. Barua ya balozi ilikuwa imetutoa kwenye kila kona tuliyowahi kukwama. Hakuna hata mmoja wetu, mwalimu nikiwemo, aliyejiuliza kama itautoa na umeme.

Tulimkuta balozi amepindua baiskeli miguu juu. Alisikiliza, akafuta mikono kwenye suruali, akachana ukurasa kwenye daftari.

"Anaitwa nani?"

"Nani?" mama aliuliza.

"Huyo anayetaka barua."

"Ni umeme, ndugu balozi. Wa nyumba ya mzee hapa."

"Ahaa." Alifikiri kidogo. "Nawajibika kusema ninachokijua tu."

"Sema unachokijua."

Aliandika kwa muda mrefu, ulimi ukichungulia pembeni, kisha akaenda mwenyewe ofisi ya tawi kuipigia mhuri. Nakumbuka kila neno, kwa sababu siku ya pili niliisikia ikisomwa kwa sauti ndani ya ofisi ya umeme. *Mimi balozi wa nyumba kumi nathibitisha kwamba umeme uliotajwa hapo juu naufahamu tangu ulipohamia kwenye shina langu. Ni umeme mtulivu, hauna ugomvi na majirani, na haujawahi kusikika ukifanya fujo wakati wa ulevi. Ninaomba asaidiwe.*

Afisa wa umeme alisoma mpaka mwisho. Hakucheka. Alichukua mhuri wa "IMEPOKELEWA", akaugonga, akaitia barua jaladani, akalipapasa jalada kama mtu anayempapasa mbwa mzee.

"Barua nzuri," alisema. "Sasa naomba na ya fundi."

Hapo ndipo mzee aliposema fundi yupo. Yu hai, yuko kijiji cha Kate. Alirudi kijijini wakati watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vipya, na sasa ndiye anayeendesha mashine ya kusaga ya kijiji. Mama alimtazama.

"Kwa nini hukusema tangu juzi?"

"Mama nesi," mzee alisema, "yule mtu hanipendi."

Nilikuwa kwenye likizo fupi ya shule, kwa hiyo nilimsindikiza mama. Tulipata nafasi juu ya lori lililokuwa likienda kuchukua mahindi, tukiwa tumejifunga kanga na blanketi kichwani, maana asubuhi za Ufipa mwezi ule zinauma mpaka kwenye meno. Nilikuwa na umri wa kupenda kila kitu. Nilipenda ukungu uliokaa mabondeni, mashamba ya ulezi yaliyovunwa, moshi wa nyumba za mbali ukipanda wima na kisha kupigwa na upepo na kulala. Mama hakuona hata kimoja. Alikuwa amefumba macho akihesabu siku.

Kate tuliisikia mashine kabla ya kumwona mwendeshaji. Fundi alitoka ndani mweupe kote, unga umemjaa kwenye nyusi, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa. Mama alimweleza yote, akamtolea fomu tuliyopewa, na kalamu.

Fundi alifuta vidole kabla ya kuishika fomu. Nikajua hapo hapo kwamba tumepata taabu.

"Nyumba ile naikumbuka," alisema. "Sebule nilitandaza mimi. Vyumba vitatu nilitandaza mimi. Waya ukaniishia. Miaka ile unajua mwenyewe, mama, sabuni hakuna, waya utatoka wapi? Nikamwambia mzee subiri, nitafuata mwingine Mbeya. Stoo na jiko bado. Akasema sawa. Nikasafiri. Niliporudi nikakuta taa ya jiko inawaka."

"Nani aliiweka?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuta inawaka! Mwanawe alikuwa anapewa upadre, askofu anakuja kula nyumbani, mzee hakutaka wali wa askofu upikwe gizani. Nikamwambia, mzee wangu, shikamoo, hii ya jiko nani kaiweka? Akaniambia, imewekwa. Nikamuuliza, imewekwa na nani? Akaniambia, kula wali."

"Ukala?"

"Nilikula. Lakini sikusaini."

Mama alicheka kwanza, kisha akakumbuka siku zilizobaki, akaacha kucheka. Alimwomba asaini kwa ajili ya sebule na vyumba. Fundi akasema cheti ni cha nyumba nzima. Hakuna cheti cha nyumba bila jiko. Mama akamwomba asaini tu, halafu aje atazame jiko baadaye. Fundi akatikisa kichwa, unga ukadondoka.

"Leseni yangu ninayo mpaka leo. Iko ndani, nimeifungia kwenye nailoni. Nasaga mahindi, lakini sijaacha kuwa fundi. Nikiandika kwamba kazi ile ni yangu, na siku moja ikawaka moto, si nimeiwasha mimi?" Kisha akamtazama mama, si kwa ukali. "Mama, wanasema wewe ni mkunga. Umewahi kuandika karatasi ya mtoto ambaye hukumpokea kwa mikono yako?"

Mashine ilikuwa imezimwa, na wanawake waliokuwa wakisubiri unga walikuwa wamekaa juu ya ndoo wakifuatilia kama kesi ya baraza. Mmoja akasema kwa sauti, "Hapo fundi kasema." Mwingine akamjibu, "Nyamaza wewe, unga wako umeshasagwa, unasubiri nini?"

Mama alikaa juu ya gunia. Nilimwona akizeeka pale pale, akiona chumba cha uani Mbeya na sufuria ya wifi yake. Halafu akainua uso.

"Fundi. Ukiung'oa waya, unaruhusiwa?"

"Kung'oa naruhusiwa. Nina leseni."

"Ukitandaza upya, unaruhusiwa?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi njoo ung'oe nyumba nzima. Waya ulio wako uukague, uliokuwa si wako uutupe. Kisha utandaze tena, kuanzia sebuleni mpaka jikoni, kwa mikono yako, nikikutazama. Ukimaliza utaandika kazi uliyoifanya."

Fundi alifikiri. Alionekana kama mtu anayetafuta uongo ndani ya jambo na kuukosa.

"Waya wa jiko utautoa wapi?"

"Wewe njoo."

"Na mashine ya kijiji?"

Hilo lilikuwa la mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti alisema mwendesha mashine hatoki bila ruhusa, kwani watu hawawezi kutafuna mahindi makavu kwa ajili ya nyumba ya mjini. Alisema hivyo kwa hotuba ndefu kidogo. Mama alimngoja amalize, akamuuliza kijijini kuna wajawazito wangapi. Ikabidi waitwe. Siku ile nzima na asubuhi ya pili, mama aliwapima mmoja mmoja ndani ya ofisi ya kijiji, akamwambia mmoja aende hospitali haraka asisubiri, na mwenyekiti akaandika ruhusa ya siku tatu. Mashine ingeendeshwa na mdogo wake fundi, ambaye kila mtu alikubaliana kwamba husaga vibaya.

Waya wa jiko tuliutafuta wiki mbili, mwishowe tukaupata kwa masista wa misheni, waliokuwa na kikunjo kimoja cha waya kilichobaki kwenye ujenzi wao. Mama hakunieleza walipatanaje. Ninachojua ni kwamba kwa mwaka mzima baadaye alikwenda kila Alhamisi kufundisha wasichana wao namna ya kuosha mtoto.

Fundi alianza kazi Jumatatu asubuhi. Zilikuwa zimebaki siku nne. Mzee aliposikia nani anakuja alijaribu kwenda kusalimia ndugu, lakini mama alimwambia akae. Akakaa barazani ndani ya koti lake, na kila pigo la nyundo lilipolia ndani, alifumba jicho moja.

"Shikamoo mzee," fundi alimwambia akipita na ngazi.

"Marahaba fundi. Mahindi yamekubali mwaka huu?"

"Mahindi yamekubali."

Yakawa ndiyo maneno yao yote mpaka saa sita.

Waya za sebule na vyumba zilitoka safi. Fundi alizikunjua mkekani, akazipitishia vidole urefu wote, akizinusa hapa na pale, na nilimwona akitabasamu kidogo, kama mtu aliyekutana na barua yake ya zamani na kukuta hakuandika upumbavu. Kisha akapanda juu ya dari ya stoo. Mwishowe tukasikia sauti yake.

"Mama. Njoo na wewe. Na mzee aje."

Aliteremsha kitu akikishika kwa ncha za vidole. Kwanza ulikuwa waya wa redio, ule mwembamba ambao watu huufunga juu ya mti ili washike matangazo. Ulikuwa umeungwa mara tano, na kila kiungo kilikuwa kimezungushiwa kitambaa cheupe, ambacho hakikuwa cheupe tena. Mama aliuchukua, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Hii ni plasta," alisema.

Alikikuna kile kitambaa kwa ukucha.

"Hii ni plasta ya hospitali. Hii ni plasta ya wodi yangu! Mzee, umeiba plasta ya wazazi ukafunga umeme?"

"Sikuiba!" Mzee alisimama kwa mara ya kwanza siku ile. "Ulinipa mwenyewe, mama nesi. Nilijikata kidole na panga, nikaja, ukanifunga, ukanipa na nyingine ya kubadilisha nyumbani. Ukaniambia, hakikisha hakiingii maji."

"Nilisema kidole!"

"Na kidole kilipona," alisema mzee kwa unyonge. "Nikaona inashika vizuri."

Fundi alianza kucheka kwanza. Alicheka mpaka akashika ngazi. Mimi nikafuata, na mzee naye, kwa woga, akatoa kicheko kidogo ili asiachwe peke yake. Mama hakucheka. Alikuwa amepanda vidato viwili vya ngazi na kuingiza kichwa darini, na alipotoka alikuwa na masizi kwenye kidole. Alituonyesha. Mbao ya kenchi inayobeba bati, iliyopitisha waya ule, ilikuwa imeungua, nyeusi, upana wa mkono wangu, na katikati imeliwa kama mkate.

"Kila jioni," fundi alisema, kicheko kimemwisha. "Kila jioni mtambo ukiwashwa, mbao hii ilikuwa inachomeka kidogo kidogo. Mzee, umekaa na jiko la mkaa juu ya kichwa chako miaka yote hiyo."

Mzee alivua kofia. Alisema alifanya kazi ile usiku mmoja na shemeji yake, kwa sababu askofu alikuwa anakuja na yeye hakuwahi kuwa na mgeni mkubwa hivyo na hatakuwa naye tena. Alisema cheti hakikuliwa na mchwa. Tulimwambia tunajua. Halafu akasema jambo lililonifanya nimpende tangu siku ile: kwamba kila Pasaka alikusudia kumwita fundi, na kila Pasaka aliogopa macho yake.

"Macho yangu yana nini?" fundi aliuliza.

"Yanauliza."

Mama alishuka, akanawa mikono, akampelekea mzee chai barazani, akaweka na sukari, na sukari miaka ile haikuwa ya kumpa mtu uliyemkasirikia. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yule kijana wa kalamu tatu angemsikiliza alipombembeleza, sisi sote tungezikwa na jiko.

Kazi ilichukua siku mbili. Mzee alimshikia fundi ngazi. Siku ya tatu afisa alikuja na kipimo chake, akazunguka chumba hadi chumba akiandika, akapanda darini mwenyewe, akaishika kenchi mpya ya jikoni aliyoiweka seremala jirani. Fundi alimfuata nyuma mikono mgongoni, leseni yake mfukoni ndani ya nailoni. Hatimaye walikaa mezani. Fundi alijaza cheti kwa herufi kubwa, taratibu. Kwenye mstari wa maelezo ya kazi aliandika: *Imeng'olewa yote. Imetandazwa upya yote. Jiko pia.* Afisa akasema maneno mawili ya mwisho hayana haja. Fundi akasema yana haja, akayapigia mstari.

Afisa ardhi alihamisha jina mchana wa siku iliyofuata. Mama alikuwa ametia sahihi maelfu ya karatasi za watoto wa watu, lakini hii ya kwake ilimtoa jasho. Alishika kalamu, akaiweka, akaomba maji, akaishika tena. Mkunga mpya aliwasili kesho yake na kitanda chake juu ya lori, akamkuta mama amesimama kwenye kizingiti cha kota na ufunguo mkononi, nyumba imefagiliwa.

Mkokoteni wetu ulipofika Chanji, mzee naye alikuwa anaondoka. Mizigo yake ilikuwa imeshapakiwa kwenye lori la kwenda kijijini kwao, mkebe wake kwapani, dereva anapiga honi. Alimpa mama funguo kwa mikono miwili, akamtakia heri, akageuka aende.

"Mzee, keti kidogo," mama alisema.

Alikuwa ameshika daftari jipya na kalamu. Mzee akatazama lori, akatazama daftari, akaketi kwenye ngazi ya baraza.

"Choo kilichimbwa na nani?"

"Mimi na shemeji yangu."

"Shemeji yuleyule?"

"Yuleyule. Lakini kuchimba anajua."

"Andika. Bati liliezekwa na nani?"

"Seremala wa misheni."

"Andika. Huu mlango wa nyuma?"

Honi ikapigwa tena, ndefu. Mzee aliandika, ulimi nje, koti likimbana kwapani. Aliandika mlango, aliandika madirisha, aliandika bomba la maji ya mvua. Mimi nilikuwa nashusha sufuria nikijizuia kucheka. Mama aliangaza macho uani, akaona mpera uliosimama karibu na ukuta wa jiko, umejaa matunda mabichi.

"Na huo?"

"Huo, mama nesi," mzee alisema, akikaribia kulia, "huo uliota wenyewe."

"Andika uliota wenyewe," mama alisema. "Halafu utie sahihi."